Neno "immiscible" khasa linatumika vipi? Mafuta ya makonyo yametuchanganya nyumbani

Ummu_Nassra (Chake Chake)

Asalaam alaykum jamani, naomba msaada kwa wanaokijua kizungu cha sayansi. Mtoto wa dada yangu yupo fomu wani, wamesomeshwa kutenganisha michanganyiko, sasa kuna hili neno "immiscible" limejaa daftari zima na kila nikimuuliza ndio nini ananijibu "visivyochanganyika", basi, na kamusi iliyomo humu ndani nayo inasema hivo hivo. Skuli wakapewa kazi watunge sentensi tatu. Ya kwanza kaandika kwa kizungu chake kuwa mafuta ni immiscible ndani ya maji, ya pili mchanga na maji ni immiscible, ya tatu mafuta huelea juu ya maji kwa sababu ni immiscible. Zote tatu zimetiwa kosa na hakuna maelezo hata mstari mmoja.

Mie kwa akili yangu ya kawaida ningempa zote. Mchanga unachanganyika na maji wapi? Lakini hio ya tatu ndio iliyonikalisha kitako, maana sie Pemba mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, tunayajua, ukiyatia kwenye gilasi ya maji yanakwenda chini moja kwa moja, hayaelei. Sasa ina maana hayo si immiscible au neno lina maana nyengine? Na tofauti yake na insoluble ni ipi? Nauliza na kwa faida yangu mwenyewe, kikundi chetu cha kina mama tunatayarisha karatasi ya maelezo ya mafuta kwa wageni na kuna mtu katwambia tulitie neno hilo hilo, ati linapendeza. Halafu linasomwaje? Kaka yangu anasema "imiskibo", mtoto anasema "imishibo".

Kijana_wa_Ngambo

Simba na Yanga barza moja, immiscible hio 😂

Maalim_Kemia (Wete)

Waalaykum salaam dada Ummu. Kwanza mtoto asigombwe, sentensi zake zina akili, ila hili neno mipaka yake ni midogo kuliko linavyoonekana kwenye kamusi. Kwenye kemia mara nyingi utalikuta kwa vimiminika viwili, sio kitu chochote na kitu chochote. Chukua chupa tia maji, tia mafuta ya kupikia, funga tikisa mpaka mkono uchoke, iweke mezani. Baada ya muda unauona mstari, huku maji huku mafuta. Huo mstari ndio immiscible yenyewe. Ukitikisa ikawa kitu kimoja na ukaamka asubuhi bado ni kitu kimoja, kama spiriti na maji au siki na maji, hivo ni miscible.

Sasa mchanga. Mchanga ni kitu kigumu, kigumu kisichoyeyuka kwenye maji kinaitwa insoluble, na ndio maana hio ya pili imekosa. Hilo la insoluble lenyewe ni pana zaidi, unaweza kulisema kwa mchanga na kwa mafuta pia, lakini immiscible kwa mchanga halisemwi.

Ya kwanza kosa lake ni kijineno kidogo tu, wazungu wanasema kitu ni immiscible "with" maji au vitu viwili "are immiscible", hio "in" ni ya soluble na insoluble. Ila niseme kweli, hata kwenye karatasi za viwandani utaikuta "in" imeandikwa na waliosoma, kwa hio mie nisingemtia kosa zima, ningemkata nusu maksi.

Ya tatu ndio kubwa. Kutochanganyika kunaamua kuwa zitakuwepo tabaka mbili, basi. Nani akae juu nani akae chini hilo halimo ndani ya neno, linaamuliwa na uzito kwa ujazo. Mililita moja ya maji ni gramu 1, ya mafuta ya nazi kiasi cha gramu 0.92 kwa hio yanapanda juu, ya mafuta ya karafuu ni baina ya 1.04 na 1.07, yanazama. Yote mawili ni immiscible na maji. Na hapo ndipo wanafunzi wanaponaswa kwenye mtihani, wanapewa ile faneli ya maabara yenye koki chini wanaulizwa kipi kitatoka mwanzo, wote wanajibu maji kwa sababu wamekariri mafuta yapo juu.

Fundi_Boila

Maalim umesema kweli na mie niongeze la kazini maana nipo kwenye mtambo wa kutoa mafuta ya makonyo. Kwa wasiojua, makonyo ni vile vikonyo vinavobaki ukishachambua karafuu, haviendi na karafuu gunia moja. Vinajazwa kwenye tangi, mvuke unaingia chini unapanda juu unapita katikati ya makonyo unachukua mafuta, halafu unaingia kwenye bomba lililozungushwa ndani ya maji baridi unarudi kuwa maji na unashukia kwenye chombo cha kupokelea. Kinachotoka pale mwanzo mgeni hawezi kusema kuwa ni mafuta, ni maji meupe kama yametiwa maziwa. Lakini inama utizame vizuri ubavuni mwa chombo, utaona vitone rangi ya chai vinateremka pole pole, vikifika chini vinagusana, vinakaa kidogo kila kimoja na mpaka wake halafu ghafla vinaungana kinakuwa kimoja kikubwa.

Chombo chenyewe kimetengenezwa kwa hesabu hio, njia ya mafuta ipo chini na ya maji ipo juu. Siku tukipika mchaichai mambo yanageuka, mafuta yake mepesi yanakaa juu, na ukimuachia mtu asiejua afungue koki kama alivyozoea anamwaga asichotaka kumwaga. Kwa hio mtoto mwambie asikariri juu na chini.

Sasa nina suali langu kwa wasomi. Yale maji tukishayatenga na mafuta bado yananukia karafuu vibaya sana, na sie hatuyamwagi ovyo, tunayarejesha kwenye boila kwa sababu tunajua yamebeba mafuta. Kama haya mawili hayachanganyiki, harufu imeingiaje?

Maalim_Kemia (Wete)

Suali zuri fundi. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kinaitwa yujenoli, mara nyingi ni zaidi ya asilimia 70. Ukichukua lita moja ya maji, yujenoli inayoweza kuyeyuka humo ni gramu 2 na kitu, ikizidi hapo ndio inajitenga. Gramu 2 kwa lita ni kidogo lakini pua inaijua na mfuko pia unaijua mkirejesha maji ya siku nzima. Kwa hio neno immiscible usilisome kuwa hakuna hata chembe inayovuka, lisome kuwa hayakubali kuwa kitu kimoja kwa kiwango chochote utakachotia. Karibu kila jozi ya vimiminika tunayoiita hivo kuna kidogo cha huyu kimeingia kwa yule.

Sababu yake: molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, kwa hio maji yanavutana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu sana. Mafuta hayana cha kushikia hapo. Watu husema mafuta na maji yanachukiana, sivyo, hayasukumani hata kidogo, ni kwamba maji yanapendana mno kiasi cha kutowapa nafasi wengine. Yujenoli kwenye molekuli yake ina kipande kidogo kinachoweza kushikana na maji, ndio maana inayeyuka kidogo kuliko mafuta ya kupikia ambayo hayayeyuki takriban kabisa.

Na nyie watu wa mtambo hilo neno ndilo linalokulisheni. Yujenoli peke yake inachemka kwenye nyuzi 254 hivi, hapo mngeunguza kila kitu. Lakini vimiminika viwili visivyochanganyika vikichemshwa pamoja kila kimoja kinatoa mvuke wake kama mwenzake hayupo, mivuke inajumlika, kwa hio mchanganyiko unachemka chini kidogo ya nyuzi 100 na mafuta yanapanda pamoja na maji. Kisha mkipoza yanaachana wenyewe bila ya nyinyi kufanya kazi yoyote. Yangekuwa miscible na maji kama spiriti mngekuwa na kazi nyengine kabisa ya kuyatenga. Mie hili huwasomesha wanafunzi kwa mfano wa makonyo, vitabu vinaleta mifano ya nchi za watu wakati moshi wa karafuu tunaunusa barabarani.

Jengine, joto nalo lina neno lake. Kuna vitu kama fenoli na maji, kwenye joto la kawaida vinafanya tabaka mbili, ukipandisha ikapita nyuzi 66 hivi vinakuwa kimoja, ukipoza vinaachana tena. Kwa hio mtu akikwambia fulani na fulani ni immiscible unamuuliza kwenye joto gani. Na sio lazima viwe vya chupani, hata madini ya risasi na zinki zikiyeyushwa hazichanganyiki ila kidogo, Muingereza Alexander Parkes mwaka 1850 alilitumia hilo kutoa fedha kwenye risasi, kwa sababu fedha inapenda kukaa kwenye zinki kuliko kwenye risasi, zinki inaelea nayo juu wanaikomba.

Nahodha_Mkoani

Mie sikusoma kemia lakini haya ninayo baharini kila siku. Petroli na oili ya mashine ya tustrok unachanganya kwenye dumu unatikisa na haziachani tena, mashine inakunywa vyote. Maji yakiingia kwenye tangi ndio shughuli, yanakaa chini kabisa na mpira wa kunyonya upo chini, mashine inakohoa katikati ya mkondo. Hio najua sasa inaitwaje.

Ila nina hili. Kijijini kwetu visima vya karibu na pwani maji baridi yapo juu na ya chumvi yapo chini, ukiteka pole pole unakunywa, mtu akileta pampu kubwa akivuta kwa fujo baada ya muda yanakuja ya chumvi. Mbona hayo nayo yana tabaka mbili? Tuyaite immiscible?

Maalim_Kemia (Wete)

Hapana nahodha, na umeuliza suali ambalo ningelitia kwenye mtihani. Maji ya chumvi na maji baridi ni miscible kabisa. Yamekaa tabaka kwa sababu ya chumvi ni mazito na hakuna aliyeyakoroga, humo ardhini yanatulia. Yateke yote mawili kwenye ndoo moja ukoroge, uyaweke mwaka mzima, hayaachani tena. Pale mpakani penyewe hakuna mstari mkali, chumvi inazidi kidogo kidogo unavyoshuka. Kwa hio tabaka peke yake sio ushahidi, koroga kwanza ndio uhukumu.

Mkalimani_Shangani

Nimechelewa lakini niseme upande wa lugha maana hii ndio kazi yangu. Mwanzo wake ni Kilatini, "miscere" ni kuchanganya, na hio "im" ya mbele ni ya kukanusha. Linasomwa i-MISI-bo, ile c haisikiki, kwa hio kaka na mtoto wote wamekosa ila mtoto kakaribia zaidi. Msilichanganye na "immersible", hilo ni la kitu kinachoweza kuzamishwa majini kikabaki salama, mfano wa pampu na saa. Nimeliona limekosewa hivo kwenye tangazo la hita ya maji, wallahi nilicheka peke yangu.

Kijana wa Ng'ambo na utani wake wa Simba na Yanga: kwa watu waandishi wachache wanalitumia kwa mbwembwe, lakini mzungu wa kawaida barzani hasemi hivo, atasema tu hawa hawachanganyiki. Halafu Simba na Yanga wanachanganyika vizuri sana, ni kelele tu.

Linalochanganywa nalo zaidi ni "incompatible". Hili ndilo linalosemwa kwa dawa na dawa, kundi la damu na kundi la damu, programu na simu, mke na mume. Vitu vinaweza kuchanganyika vizuri kabisa na bado vikawa incompatible. Chukueni jiki na zile dawa za choo zenye asidi. Ukizitia pamoja hazifanyi tabaka wala mstari, zinaingiana kama maji na maji, na hapo hapo inatoka gesi ya klorini inayochoma mapafu. Miscible, na ni hatari. Mafuta ya nazi na maji kinyume chake, hayachanganyiki wala hayadhuriani. Kwa hio anaefasiri maneno yote mawili kwa "visivyochanganyika" na akabandika kwenye chupa ya dawa ya kusafishia anaweza kumpoteza mtu. Kwenye chupa ya aina hio mie huandika wazi "usitie pamoja na kitu fulani" na sihangaiki na istilahi.

Shangazi_Nazi

Nyie mnaotikisa chupa, hebu nambieni tui. Tui lina mafuta ya nazi na lina maji, mbona limekaa jeupe kitu kimoja na hakuna mstari?

Maalim_Kemia (Wete)

Shangazi tui ni vitone vidogo sana vya mafuta vimetawanyika ndani ya maji, na kila kitone kimevikwa protini ya nazi yenyewe inayokizuia kisiungane na mwenzake. Weupe unaouona ni mwanga unagonga hivo vitone. Kitu cha namna hio kinaitwa imalshani, na bado mafuta na maji humo ndani ni immiscible, wamezuiliwa tu wasiachane kwa haraka. Yale maziwa maziwa ya fundi yanayotoka kwenye bomba la makonyo ni ndugu wa hilo, ila hayana wa kuyavika nguo kwa hio yanaachana mapema.

Shangazi_Nazi

Aa basi ndio maana tui ukiliacha usiku kucha linafanya utando mzito juu na maji yake yanakwenda chini, huo utando ndio tunaoupika tukatoa mafuta. Na ukilitia kwenye mchuzi ukaacha lichemke kwa moto mkubwa bila ya kulikoroga linakatika, unaona mafuta yanaelea vidoa vidoa. Protini imeungua hio?

Maalim_Kemia (Wete)

Imeganda kwa joto, ndio. Umemaliza mwenyewe.

Ummu_Nassra (Chake Chake)

Mashallah nimepata zaidi ya nilichokuja nacho. Maalim hio ya nusu maksi nitampelekea mwalimu wake salamu kwa adabu lol. Kuhusu karatasi yetu sasa, sie tulikuwa tunataka kuwaandikia wageni watie matone ya mafuta ya karafuu kwenye ndoo ya maji ya moto wakoge, ndio tukaambiwa tulitie na neno hilo. Ipo sawa?

Fundi_Boila

Dada hapana, hio iondoe kabisa. Kwa haya haya tuliyoyasema, mafuta hayaingii kwenye maji, yatakaa vitone vitone makali yale yale ya chupani na kitone kikikugusa mahali laini utalia. Mie kazini yakinirukia mkononi nahisi moto kwanza halafu ganzi. Mwambie mtu ayatie kwanza kidogo sana kwenye mafuta ya nazi, hayo mawili yanachanganyika bila ya tatizo, na hapo ndio ajipake. Na mengi hayafai hata ukichanganya.

Mkalimani_Shangani

Na kwenye karatasi usitie neno immiscible, mteja wako anataka kukanda mgongo hataki kufanya mtihani. Andika kwa kizungu chepesi kuwa hayachanganyiki na maji na kuwa yazimuliwe kwenye mafuta mengine kabla ya kugusa ngozi. Neno lenyewe limuachie mtoto na daftari lake.

Mgeni_wa_Forodhani

Samahani naingilia. Mie nilinunua kichupa cha mafuta ya karafuu mtaani hapa mjini, baada ya kusoma huu uzi nikayatia kwenye gilasi na yanaelea. Nimeuziwa nini?

Fundi_Boila

Usihukumu kwa tone moja, tone dogo likiwekwa taratibu linaweza kushikwa na uso wa maji likakaa juu kwa muda hata kama ni zito. Lisukume kwa kijiti au tikisa kidogo. Likishuka na kubaki chini sawa, likirudi juu tena basi humo mna mafuta mengine mepesi mengi tu. Halafu chukua spiriti kidogo kwenye kikombe kikavu utie matone mawili matatu ukoroge, mafuta ya karafuu yanayeyuka kwenye spiriti inabaki safi unaona mpaka upande wa pili, mafuta ya kupikia hayayeyuki humo, yatafanya ukungu na baadae yatajitenga chini. Na kichupa kiwe cha kioo, mafuta haya ukiyaweka kwenye chombo cha chuma cha kawaida yanabadilika rangi yanakuwa meusi hata kama ni halali.